Visanduku Viwili na Sauti ya Alto

Baba yangu alikuwa na ugomvi na mashine. Si mashine ya kusaga wala cherehani, hizo alizisalimia kwa heshima. Ugomvi wake ulikuwa na chochote kinachomeza sauti ya mtu na kuitoa upande wa pili: redio, kaseti, simu, spika za harusini. "Mashini inakulaka alto," alisema kila mara, yaani mashine huila sauti ya alto, na akishasema hivyo mjadala umekwisha. Alto ni sauti ya pili katika kwaya, ile ya wanawake wanaoimba chini ya soprano, na baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya yetu huko Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mimi nilikuwa mwimbaji wa alto. Kazi iliyonilishia watoto ilikuwa kutengeneza redio. Kwa hiyo mnaona wenyewe nilikuwa nimekaa wapi katika ugomvi huo.

Ufundi niliupata kwa marehemu mume wangu, kwa kumshikia tochi na kuchokonoachokonoa mpaka mikono ikajua. Wanaume wa Juru walinicheka mwaka mzima. Mwaka wa pili wakaanza kuniletea redio zao, wengine wakipitia nyuma ya nyumba wasionekane. Niliwapokea wote, ila wale wa nyuma ya nyumba niliwangojesha zaidi.

Kwenye kwaya sikuwa na bahati hiyo. Baba alikuwa na desturi yake ya kuchagua mwimbaji kiongozi: aliugeukia ukuta, watu wakaimba mmoja mmoja nyuma ya mgongo wake, naye akachagua sauti bila kujua ni ya nani. Alifanya hivyo asije akapendelea mtoto wake. Nilijaribiwa mara tatu. Mara zote tatu aliugeukia ukuta, na mara zote tatu akamchagua mwingine. Sikumlaumu, lakini sikusahau pia.

Mwaka 2014 jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaosafiri kwenda kuishi ng'ambo, yeye na mama. Majirani walikuja kupiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, kisha nikaenda jikoni nikakaa nikiwaza nyimbo. Baba alikuwa ametunga nyimbo tangu tukiwa Kivu ya Kusini, na tulipokimbia vita mwaka 1996 daftari zake za do-re-mi zilibaki njiani. Toka siku hiyo hakuandika tena. Alizihifadhi kichwani, sauti zote nne. Sisi wanakwaya kila mmoja alijua kipande chake, tena kwa zile nyimbo tunazoimba kila Jumapili tu. Nyingine nyingi hatukuwa tumeziimba kwa miaka. Akiondoka bila kurekodi, zinaondoka naye.

Tulimwomba. Wazee wa kanisa walimwomba. Mtu mmoja akamkumbusha kwamba kwaya ya majirani zetu wa Kashojwa tayari ina CD yake, na hapo ndipo tulipoharibu kabisa, maana kwaya ya Kashojwa kwa baba ilikuwa watu wanaopiga kelele kwa mpangilio.

"Kama muko na haraka ya kuua nyimbo yangu," alisema, "mungojee kwanza nipande ndege."

Majuma hayohayo nilikuwa na kazi mjini Mbarara, mtaa wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, nyumbani kwa daktari wa ng'ombe mstaafu. Tulijuana kwa sababu ya amplifaya yake ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo mafundi wawili wa mjini walikuwa wameshaitangazia matanga. Niliifufua kwa kubadilisha kapasita mbili na kufagia kaburi la mende ndani yake. Tangu hapo aliniita fundi mbele ya wageni, na Kiswahili chake, alichokiokota sokoni na minadani katika miaka ya kuzunguka na ng'ombe wa watu, kilinifurahisha sana.

"Fundi, kesho wewe nakuja," alinipigia simu. "Mimi iko na shida ya watoto."

Shida yenyewe ilikuwa mezani sebuleni: visanduku viwili. Kimoja kikubwa, cheusi, kizito, kimetumwa na mwanawe wa kiume aliyeko London. Kingine kidogo, si kikubwa kuliko kipande cha sabuni, kimetumwa na binti yake aliyeko Johannesburg. Vijana huviita strima. Havina spika wala mahali pa kutia kaseti. Vinavuta muziki kutoka kwenye mtandao, au kutoka kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili, bila waya, kisha vinaupeleka kwenye amplifaya, na mwenye nyumba anachagua wimbo kwa simu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Watoto wale walituma zawadi ileile bila kuambiana, na sasa kila mmoja alipiga simu kuuliza kama cha kwake ndicho kinachosikilizwa.

"Moja nakaa hapa, moja nakwenda chumba ya kulala," mzee alinieleza. "Lakini kama mimi nachagua, watasema mzee napendelea. Wewe pima. Mimi nataka kweli."

Alisema anataka kweli, lakini mkono wake ulikuwa umelalia kile cha London. Mkewe, upande wa pili wa meza, alikuwa ameshika kile cha Johannesburg.

Sikuwa nimegusa strima maishani mwangu, na sikumwambia. Nilisoma karatasi zake mstari kwa mstari, nikauliza simu pale karatasi iliponishinda, na kufikia adhuhuri vyote viwili vilikuwa vimeunganishwa na ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao, na vinaimba. Nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko yote: muziki ukiwa ndani ya kompyuta ya nyumbani, huhitaji kununua bando. Unatembea humo humo ndani ya nyumba, kutoka kompyuta hadi ruta hadi kisanduku, hata kama intaneti imekatika. Nilirudi Juru nikijiona nimehitimu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa watu wa Juru. Kwetu, redio haijakamilika mpaka fundi aijengee nyumba ya debe. Tunachukua madebe ya mafuta ya mgao, tunayapasua, tunayanyoosha kwa nyundo, tunakunja kasha, tunatoboa matundu kwa msumari. Vumbi haliingii, panya haingii, mende haingii. Mimi nilisifika kwa nyumba hizo. Basi nikafikiria wale mende wa Nyamitanga, nikakesha kwa huruma, na asubuhi nikaanza kugonga. Nilitengeneza nyumba mbili, na kwa sababu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikatoboa matundu yenye umbo la maua.

Mzee alipoziona alipiga makofi. Nikaviingiza visanduku, nikafunga skrubu, nikawasha. Kimya. Vyote viwili vilikuwa vimepoteza mtandao. Nikalaumu ruta. Nikaisogeza, nikaipandisha juu ya kabati, nikaishusha. Nikabadilisha waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nikalaumu umeme wa Mbarara. Mzee alipanda kwenye kiti na ruta mkononi akaiinua karibu na dari, na katika hali hiyo mkewe aliingia na chai ya maziwa. Alitutazama, akaweka sinia.

"Jana hii kitu iliimba," alisema. "Leo wewe naongeza nini?"

Nilitazama yale madebe yenye maua, nikatamani sakafu ipasuke. Bati linazuia mawimbi, mtoto wa darasa la redio anajua hilo. Redio zangu zote Juru zilikuwa na antena iliyotoka nje ya debe. Visanduku hivi antena yake imo ndani, nami niliifungia gerezani kwa mikono yangu. Nikafungua skrubu, vikaimba. Mama yule alichukua nyumba zangu mbili akapandia vitunguu, na alikuwa na adabu ya kutocheka mpaka alipofika jikoni.

Baada ya aibu hiyo nilipima kwa makini kama mtu anayelipa faini. Nilichomeka visanduku vyote viwili kwenye amplifaya moja, ili kwa kuzungusha kitufe nihame kutoka kimoja hadi kingine. Mzee nikamketisha akiwa ametugeuzia mgongo, kama baba afanyavyo. Kila wimbo alichagua kile cha London. Alifurahi mpaka akasimama kucheza kidogo. Mimi sikufurahi, kwa sababu nilisikia kitu: kile cha London kilikuwa na sauti kubwa zaidi. Kidogo tu, lakini sikio la binadamu hudanganyika hapohapo. Nimeona harusi ngapi Nakivale ambako spika inayopasua masikio ndiyo inayoitwa nzuri? Debe tupu haliachi kuvuma.

Kulikuwa na kinanda cha wajukuu. Nilibonyeza noti moja, nikaishikilia, nikairekodi, nikaiweka kwenye kompyuta. Kisha nikaicheza kupitia kila kisanduku huku mita yangu ya umeme imeshika nyaya za spika, na nikatia alama mbili kwenye kitufe cha sauti kwa rangi ya kucha ya mke wa mzee: hapa ukicheza cha London, hapa ukicheza cha Johannesburg. Sasa vilikuwa sawa kwa nguvu. Mzee akageuza tena mgongo, na safari hii akapotea kabisa. Akasema cha kwanza, akasema cha pili, akasema cha kwanza tena.

"Hii iko sawasawa!" alikasirika. "Wewe namaliza utamu yote!"

"Siyo, mzee. Tumemaliza kelele. Sasa tunahitaji masikio."

Nikamwambia ninayajua masikio hayo yalipo. Sitaki kujitakasa: nilikuwa na hila yangu. Jumamosi moja kabla ya hapo, wakati wa mazoezi, nilikuwa nimefunga simu yangu kwenye mti wa dari ya kanisa na kunasa kwaya nzima bila ruhusa ya baba. Nilikuwa sijathubutu kumwonyesha mtu. Nilitaka baba asikie kwanza muziki kwenye spika nzuri, moyo wake ulegee, kisha nitubu.

Siku aliyokuja Mbarara kununua sanduku la safari na koti la baridi, nilimvusha daraja la Rwizi, nikimwambia kuna mzee anaomba ushauri wa sauti. Hilo lilikuwa kweli. Mzee alimpokea kwa mikono miwili, mkewe akaleta maziwa, na baba alipoona mashine alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utotoni.

"Papa, ni kuchagua tu," nilisema. "Kama vile unachaguaka waimbaji."

Hapo nilimpata. Aligeuza kiti mwenyewe akautazama ukuta. Nikacheza CD ya kwaya moja kutoka kwetu Kivu, niliyokuwa nimeinakili kwenye kompyuta. Mwanzo wa wimbo kwa kisanduku kimoja, mwanzo uleule kwa kingine. Alifumba macho. Aliomba tena, kisha tena. Mzee alianza kusema kitu, mkewe akamfinya.

"Hawa ba kwanza banafika wamechelewa," baba alisema, akimaanisha waimbaji wa kisanduku cha kwanza.

"Wamechelewa nini, Papa? Ni wimbo uleule."

"Pumuzi. Mbele ya kuimba, mutu anavutaka pumuzi. Ba pili nabasikia banavuta. Ba kwanza, hakuna. Wimbo inaanza kama mutu bamemusukuma mu mulango."

Nikabadilisha mpangilio bila kumwambia. Akasema sasa ni kinyume. Nikabadilisha tena, nikarudia kilekile mara mbili kumtega, hakutegeka. Kisha sisi wengine tukasogelea spika na kusikiliza, na ni kweli: kile cha London, kila wimbo ulipoanza, kilichelewa kuamka na kumeza ule mwanzo, pumzi ya waimbaji kabla ya neno la kwanza. Kile cha Johannesburg, kile kipande cha sabuni, hakikumeza kitu. Mita yangu haikuwa imeona hilo. Mzee halikuwa limempitia akilini. Mwalimu wa kwaya kutoka Juru, adui wa mashine, ndiye aliyelisikia akiwa ametazama ukuta.

"Kale, haya basi," mzee alikubali, akapumua. "Ya London nakwenda chumba ya kulala."

"Huko hakuna anayeimba," mkewe alisema, "kuna anayekoroma tu."

Baba alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka mbele ya mashine. Aligeuza kiti, akakitazama kile kisanduku kidogo, akasema polepole: "Na alto nimebasikia. Bako muzuri mingi." Nilijua kwamba kama si sasa, basi tena. Nikatoa simu, nikamwambia nilichokifanya Jumamosi ile.

"Ulitunasa kwa wizi? Mu kanisa?"

"Ndiyo, Papa. Nikaripie ukitaka, lakini usikilize kwanza."

Aliugeukia ukuta tena, na mimi nilichukua hilo kuwa ruhusa. Nikahamishia wimbo kwenye kompyuta na kuucheza kupitia kisanduku kidogo. Kwaya yetu ikajaa sebule ya Nyamitanga. Soprano walisikika. Besi walisikika. Sauti ya baba ilisikika kuliko zote, kubwa, nzuri, ya kujiamini. Alto hawakuwepo. Nilitega sikio langu lote nijisikie mwenyewe, sikujipata.

"Si munaona!" Baba alisimama, karibu afurahi. "Imebakula!"

Nikazungusha kitufe kwenda kisanduku cha London. Alto hakuna. Nikarudisha ile CD ya Kivu, cha London, alto wapo. Cha Johannesburg, alto wapo. Nikarudi kwenye wimbo wetu, huku na huku. Hakuna. Mashine mbili, za nchi mbili, zilizotengenezwa na watu wasiojuana, zilikuwa zinatoa ushahidi mmoja. Nilielewa, na mdomo wangu, pamoja na ukali wake wote unaosifika Juru, ulishindwa kumwambia baba mzazi. Mzee wa watu ndiye aliyesema, bila kujua anachokisema.

"Lakini mtu moja hapa nafunika wengine. Nani huyu?"

Baba alikaa chini.

"Simu ulikuwa umeiweka fasi gani?" aliniuliza.

"Juu ya kichwa yangu, Papa. Juu ya benchi ya alto."

Aliomba wimbo urudiwe. Aliusikiliza hadi mwisho akiwa ameweka mikono juu ya magoti, kisha akaomba mara ya tatu, na katikati ya ubeti wa pili akainua kiganja nisimamishe.

"Haiko mashini," alisema. "Ni miye."

Kisha alieleza, akimtazama mzee, si mimi. Alto ndio wanaopotea kwa urahisi, alisema, soprano huwavuta. Tangu tufike Nakivale amekuwa akisimama mbele ya benchi letu na kutuimbia kwa nguvu ili tusipotee. Alidhani anatushika mkono. Miaka kumi na minane. Nilipaswa kumhurumia pale pale, na nilimhurumia baadaye, njiani kurudi, alipokuwa amelikumbatia sanduku lake jipya. Lakini ndani ya sebule ile, nisiwafiche, moyo wangu ulipiga vigelegele. Nilitaka kukimbia mpaka Juru kuwaambia wenzangu: tupo, tulikuwepo siku zote.

Jumamosi iliyofuata mzee aliniazima kinasa sauti chake kidogo alichokuwa akikitumia kwenye mikutano ya wafugaji. Baba aliwaita wanakwaya wote, asubuhi, hata wale waliokuwa shambani kupalilia maharagwe, na akaanza kwa kuwaomba alto msamaha, mbele ya wanaume wa besi na wa tenori, mbele ya watoto waliokuwa madirishani. Wanawake wawili walilia. Mmoja alisema kwa sauti kwamba yeye alikuwa anajua, na tukamnyamazisha kwa viwiko. Kisha baba alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: alikwenda kusimama nyuma kabisa, mlangoni, akafunga mdomo.

Wimbo wa kwanza tulipotea kwenye mstari wa tatu. Soprano walituvuta kama alivyosema. Nilimwona ameinua mguu aje mbele, akausimamisha, akajiziba mdomo kwa kiganja. Tukaanza upya. Safari ya pili niliikaza sauti yangu, jirani yangu akaegemea kwangu, na yule wa pembeni akaegemea kwake, tukavuka mstari wa tatu, tukavuka wa nne, na besi wakageuza shingo kutazama sauti ile inatoka wapi.

Tulipomaliza sote tuligeukia mlangoni. Baba alikuja, akachukua kile kinasa sauti mwenyewe, akaniuliza abonyeze wapi, akakiweka sikioni. Alisikiliza wimbo wote. Sisi tulisimama tukimtazama uso.

"Alto iko," alisema, akanirudishia. "Turudilie fasi zetu. Nyimbo zingine ziko mingi, na leo sitaki mutu anaenda nyumbani."